DPP na kesi yako ya madai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye kesi ya madai katika mahakama za Nairobi, iwe ya ploti, deni, kodi ya nyumba, mirathi au ajali ya barabarani, ambaye ameambiwa na jirani au ndugu: "Andikia DPP, ataibana hiyo korti." DPP ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wanaotoa ushauri huo huwa na nia njema. Ila ushauri wenyewe umewapotezea watu haki zao, kwa kuwa siku za rufaa huisha wakingoja jibu kutoka ofisi isiyo na mamlaka juu ya jambo hilo. Yafuatayo ni maswali tunayoulizwa zaidi. Kama hukumu yako imesomwa juzi, ruka moja kwa moja hadi swali la kuhesabu siku, kisha urudi huku juu baadaye.

Je, hapa Kenya DPP anasimamia kesi za madai?

Hapana. Kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma imeandikwa katika Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010, na kifungu hicho kinazungumzia jinai peke yake. Anaweza kuanzisha kesi ya jinai, kuchukua ile iliyoanzishwa na mwingine, kuiendeleza, au kuiondoa kwa ruhusa ya mahakama. Anaweza pia kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze madai ya uhalifu. Hakuna mstari unaompa nafasi ya kukagua hukumu ya ploti, kumwita hakimu wa madai ajieleze, au kusimamisha dalali anayetekeleza hukumu.

Barua yenye kichwa "Malalamiko kuhusu hukumu ya kesi ya shamba" ikifika ofisi za DPP kule Ragati Road, Upper Hill, itapigwa muhuri wa kupokelewa kama barua nyingine yoyote. Muhuri huo umewapotosha wengi. Mtu hutia nakala yake kwenye mfuko wa plastiki, akaihifadhi pamoja na kitambulisho na cheti cha ploti, na siku dalali anapobisha mlango ndiyo karatasi ya kwanza anayoitoa. Dalali husoma, huirudisha, na kazi huendelea. Kinachomzuia dalali ni agizo la mahakama lenye nambari ya kesi.

Mbona basi nimesoma kwamba viongozi wa mashtaka husimamia korti za madai?

Umesoma kweli, lakini ni habari za nchi nyingine.

China ndiyo mfano mkubwa zaidi. Sheria yao ya mwenendo wa kesi za madai ya 1991 inaipa ofisi ya mashtaka haki ya kusimamia kesi za madai. Hukumu ikishakuwa ya mwisho, ofisi ya mashtaka ya ngazi ya juu inaweza kuipinga rasmi, na mahakama italazimika kuisikiliza kesi upya. Marekebisho ya 2012, yaliyoanza kutumika Januari 2013, yaliongeza usimamizi wa utekelezaji wa hukumu na wa maafikiano yaliyofikiwa kortini. Raia huomba kwanza mahakama yenyewe iitazame kesi upya, na asiporidhika ndipo huenda kwa ofisi ya mashtaka, ambayo hutakiwa kuamua katika miezi 3. Tangu 2017 ofisi hiyo pia inaweza kufungua kesi yenyewe kwa niaba ya umma, kwa mfano dhidi ya wachafuzi wa mazingira.

Urusi ina historia ndefu zaidi ya jambo hili. Ofisi ya mashtaka ilianzishwa na Peter Mkuu mwaka 1722 iwe jicho la mfalme juu ya maofisa wake, na baada ya mapinduzi ikaundwa upya mwaka 1922. Chini ya sheria yao ya madai iliyoanza kutumika 2003, kiongozi wa mashtaka anaweza kufungua kesi kwa niaba ya mtu asiyeweza kujitetea kwa sababu ya umri, ugonjwa au ulemavu. Tena hutoa maoni yake kortini katika kesi za kufukuza watu kwenye nyumba, za kurudishwa kazini, na za fidia ya kifo au majeraha. Ufaransa nayo ina utaratibu wake, mwepesi zaidi: katika mambo kama nani ni mzazi wa mtoto, ulezi wa watoto na kufilisika kwa kampuni, mwakilishi wa ofisi ya mashtaka hutoa maoni ili sheria ifuatwe, lakini uamuzi hubaki kwa majaji.

Kenya tulirithi mfumo wa Kiingereza, ambamo kesi ya madai ni ya pande mbili zinazozozana na jaji aliye katikati.

Si ingekuwa afadhali Kenya nasi tuwe na utaratibu huo?

Naelewa mbona watu wanautamani. Wakili ni ghali, rufaa ni ghali zaidi, na kuwa na ofisi ya serikali itakayosoma faili yako bila malipo kunavutia. Hamu hiyo si ujinga, nami siidharau.

Lakini itazame upande wa aliyeshinda. Mwaka 1993 mahakama moja ya Bucharest, Romania, iliamua kwamba nyumba ya familia ya Brumărescu ilitaifishwa kinyume cha sheria mwaka 1950, na mwenyewe akarudishiwa. Hakuna aliyekata rufaa, hivyo hukumu ikawa ya mwisho. Kisha Mwanasheria Mkuu wa Mashtaka wa nchi hiyo, ambaye hakuwa upande wowote katika kesi, akatumia mamlaka yake ya usimamizi kuomba ifutwe, na mwaka 1995 Mahakama Kuu Zaidi ikaifuta. Mzee akapoteza nyumba aliyokuwa ameshaishinda. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Romania ilivunja haki yake ya kusikilizwa kwa haki, kwa kuwa hukumu ya mwisho inayoweza kufutwa wakati wowote na ofisa wa serikali haimpi mtu uhakika wowote. Mwaka 2003 Urusi nayo ilishindwa katika mahakama hiyo hiyo kwa sababu inayofanana, kwenye kesi ya Ryabykh, ingawa huko aliyeomba hukumu ifutwe alikuwa mkuu wa mahakama ya juu.

Fikiria hapa kwetu, mama aliyepigania ploti yake Kayole kwa miaka, akashinda, kisha mpinzani wake mwenye jamaa serikalini apeleke barua moja tu. Mimi napendelea usimamizi ulio wazi, wenye muda maalumu, unaofanywa mbele ya pande zote mbili. Kifungu cha 160 cha Katiba kinasema Mahakama haitakuwa chini ya amri ya mtu au mamlaka yoyote, na kinamlinda mnyonge aliyeshinda kesi kama kinavyomlinda jaji.

Zamani si Mwanasheria Mkuu ndiye aliyekuwa akishtaki?

Ndiye. Chini ya katiba ya zamani, mashtaka ya jinai na uwakili wa serikali vyote vilikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Katiba ya 2010 ilivigawanya: Kifungu cha 156 kikambakishia Mwanasheria Mkuu ushauri na kesi zisizo za jinai, na cha 157 kikaunda DPP anayejitegemea. Wazee wengi bado wanazichanganya ofisi hizi mbili, na si ajabu.

Basi Mwanasheria Mkuu anaweza kuingia kwenye kesi yangu?

Mara chache. Ofisi yake iko Sheria House, Harambee Avenue. Serikali ya kitaifa ikishtakiwa au ikishtaki katika kesi ya madai, yeye ndiye huiwakilisha. Ikiwa serikali haimo kwenye kesi, anaweza kuomba ruhusa ya mahakama aingie kama rafiki wa mahakama. Neno la kushika hapo ni ruhusa: jaji anaweza kukataa, na akikubali, Mwanasheria Mkuu hutoa hoja za sheria tu.

Ana nafasi nyingine kwenye kero ya umma, tuseme mtu ameziba njia inayotumiwa na mtaa mzima, na kwenye mali iliyowekwa wakfu kwa shughuli za hisani au dini. Hapo anaweza kushtaki mwenyewe, au kutoa idhini ya maandishi kwa watu wawili au zaidi washtaki. Tena anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze mtu anayefungua kesi ovyo ovyo kuwa msumbufu, ili asifungue nyingine bila ruhusa.

Nani basi anaisimamia korti ya madai?

Hapa ndipo penye msaada wako. Usimamizi upo, tena wa kutosha, ila hauji wenyewe, lazima uuite.

Njia kuu ni rufaa. Kutoka kwa hakimu unakwenda Mahakama Kuu, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikiwa ni mzozo wa ardhi. Kutoka hapo unakwenda Mahakama ya Rufaa. Ukitoka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza Milimani mwaka 2021 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unakata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu. Huwezi kulalamika kwamba shahidi hakuaminiwa.

Ya pili ni mapitio. Unarudi kwa mahakama ile ile iliyoamua ukiwa na moja kati ya mambo haya: ushahidi mpya na muhimu ambao hungeweza kuupata wakati ule hata kwa bidii, kosa linaloonekana wazi kwenye rekodi, au sababu nyingine ya kutosha. Watu hukosea hapa sana. Mapitio si nafasi ya kumwambia hakimu kwamba hakukuelewa. Na ukishakata rufaa, mlango wa mapitio umefungwa, kwa hiyo chagua ukiwa umetulia. Kama kosa ni la kuandika tu, jina limekosewa au hesabu imejumlishwa vibaya, mahakama inaweza kulisahihisha bila rufaa wala mapitio.

Kama hukumu ilitolewa ukiwa hupo kwa sababu hukupewa hati za kesi, kuna ombi la kuifuta hukumu hiyo. Usichelewe, na ueleze kwa kiapo ulikuwa wapi na ulijua lini.

Ya tatu hutajwa mara chache ingawa ina nguvu. Kifungu cha 165(6) cha Katiba kinaipa Mahakama Kuu usimamizi juu ya mahakama zote za chini na vyombo vyote vinavyofanya kazi ya kuamua haki za watu. Jaji anaweza kuitisha faili na kutoa maelekezo. Ukitafuta kwetu ile kazi ambayo China wamempa kiongozi wa mashtaka, iliyo karibu zaidi ni hii, na kwetu amepewa jaji. Haivuki kwenda juu: Mahakama Kuu haiwezi kuisimamia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa maana hadhi yao ni moja.

Siku zinahesabiwa vipi?

Tuseme hakimu wa Milimani amesoma hukumu tarehe 3 Machi. Siku hiyo haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 4, na siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Rufaa yako kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu inatakiwa iwe imewasilishwa na kulipiwa kabla siku hiyo haijaisha.

Angalia jambo hili kwa karibu, kwa sababu limewaangusha wengi. Hukumu nyingi siku hizi husomwa kwa njia ya video au hutumwa kwa baruapepe ya wakili. Mwenye kesi yuko kazini Industrial Area, wakili anakawia kumpigia, na anapoambiwa zimepita wiki mbili. Saa ilianza kupiga siku hukumu iliposomwa. Kwa hiyo, tarehe ya hukumu ikikaribia, ingia mwenyewe kwenye orodha ya kesi za siku hiyo, au mtumie wakili ujumbe jioni hiyo hiyo: "Imesomwaje?"

Muda ambao mahakama ya chini ilitumia kukutayarishia nakala ya amri unaweza kuondolewa kwenye hesabu, lakini uwe na cheti cha mahakama kinachosema hivyo. Ukichelewa kwa sababu nzuri unaweza kuomba kuongezewa muda. "Nilikuwa nangoja jibu la DPP" ni sababu dhaifu.

Kwenda Mahakama ya Rufaa ni haraka zaidi: notisi ya rufaa ndani ya siku 14, kisha rekodi kamili ya rufaa ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Andika barua ya kuomba mwenendo wa kesi uliochapwa ndani ya siku 30 tangu hukumu isomwe, na mpe mpinzani wako nakala. Bila barua hiyo huwezi kudai kwamba ucheleweshaji ni wa masijala.

Nikikata rufaa, dalali atasimama?

Hapana! Rufaa peke yake haizuii utekelezaji. Lazima uombe amri ya kusimamisha utekelezaji, na mahakama itaangalia mambo matatu: kama utapata hasara kubwa, kama umeomba bila kuchelewa, na kama uko tayari kutoa dhamana. Hiyo dhamana mara nyingi ni pesa zinazowekwa kortini au kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili. Anza kuitafuta mapema.

Mpinzani wangu alitumia hatimiliki bandia. Hilo nalo si la DPP?

Hilo ni lake. Hapa kesi ya madai na ya jinai zinakutana, na hapa barua yako ina maana, ikiwa itapita njia sahihi.

Piga ripoti kituoni, upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Peleka nakala za hati zilizotumika kortini, hati yako halisi, na matokeo ya upekuzi rasmi wa ardhi. Wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, watachukua maelezo na kupeleka hati na sahihi kwa mtaalamu. Faili ikikamilika huenda kwa DPP, ambaye huamua kama kuna ushahidi wa kutosha kushtaki. Kughushi hatimiliki ya ardhi kunaweza kumfunga mtu maisha chini ya Kanuni ya Adhabu, na kiapo cha uongo kortini kina kifungo cha hadi miaka 7.

Huna haja ya kungoja kesi moja iishe ili nyingine ianze. Kifungu cha 193A cha sheria ya mwenendo wa jinai kinasema kuwepo kwa kesi ya madai juu ya jambo lile lile hakusimamishi ile ya jinai. Na mtu akitiwa hatiani, na muda wa rufaa yake ukapita au rufaa ikashindwa, hukumu hiyo ni ushahidi kamili dhidi yake kwenye kesi ya madai. Lakini ukumbuke: hata akifungwa, hukumu ya madai inabaki hadi wewe uombe ibadilishwe. Kesi mbili, faili mbili, hatua mbili. Usiache moja ikalala ukidhani nyingine itaibeba.

Nina deni la kweli, lakini anayenidai ananitumia polisi. Ni halali?

Deni ni jambo la madai. Ikiwa hukudanganya wakati wa kukopa, kushindwa kulipa si jinai. Kifungu cha 157(11) kinamtaka DPP azingatie maslahi ya umma na azuie matumizi mabaya ya sheria, na Mahakama ya Rufaa katika uamuzi wa 2013 ilisema wazi kwamba mashtaka ya jinai yasitumiwe kama silaha katika mizozo ya madai. Hapa barua kwa DPP ni ya busara: mweleze, ambatisha mkataba wa deni na risiti ulizolipa, mwombe aitazame faili kabla ya kuidhinisha mashtaka. Ukishtakiwa hata hivyo, Mahakama Kuu inaweza kuyasimamisha. Ombi la kulinda haki zako chini ya Kifungu cha 22 cha Katiba huanzishwa bila ada ya mahakama.

Hakimu amekula rushwa. Niende wapi?

Ikiwa una ushahidi, nenda Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, Integrity Centre. Wakichunguza, faili huenda kwa DPP. Sambamba na hilo, lalamika kwa Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, ambayo huwaadhibu na kuwaachisha kazi mahakimu. Kwa jaji, tume hiyo hupokea maombi ya mtu yeyote, na ikiridhika humwomba Rais aunde jopo la kumchunguza.

Lakini hakuna hata ofisi moja kati ya hizo itakayobadilisha hukumu yako. JSC humtazama mtu, si uamuzi. Kwa hiyo endelea na rufaa wakati huo huo, na usiandike neno rushwa kwa sababu tu umeshindwa; tuhuma tupu huwadhoofishia njia wale walioibiwa haki kweli.

Faili kupotea, kesi kuahirishwa kila mara au karani kudai "chai" ni malalamiko ya ofisi ya Mchunguzi wa Malalamiko ya Mahakama. Taja nambari ya kesi, tarehe na mlango wa masijala uliohudumiwa.

Lakini niliona wanasheria wa DPP kwenye korti isiyo ya jinai pale Milimani.

Uliona sawa. Mtu akiomba mashtaka dhidi yake yazuiwe, DPP huwa mshtakiwa kwenye ombi hilo na hufika kujitetea. Kuna pia kesi za kurejesha mali iliyopatikana kwa uhalifu, zinazofunguliwa na Shirika la Kurejesha Mali au EACC. Ni za madai ingawa zinanuka jinai, na mali inaweza kuchukuliwa hata bila mtu kufungwa.

Sina pesa za wakili. Nifanyeje?

Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, na Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wanyonge wa Nairobi tangu miaka ya 1970. Katika Mahakama ya Madai Madogo unaweza kujitetea mwenyewe, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60.

Unapokwenda kuomba msaada, usianze na hadithi ya miaka kumi. Weka mezani hukumu, tarehe iliposomwa, risiti za mahakama, na karatasi yoyote iliyoachwa na dalali. Anayekuhudumia atatazama tarehe kwanza, na akikuta zimebaki siku nne ataandika memoranda ya rufaa mchana huo huo, mengine mtayazungumza baadaye.